Shahidi wa Nyumba Yetu

Alhamisi

Hati yetu ya nyumba karani wa ardhi aliishika juu chini! Ni ya enzi za Sultani, ya herufi za Kiarabu, na yeye aliyekuja kutuandikia mpya ni mtu wa bara, atazijuaje? Akaniuliza mlangoni kwangu: "Nyinyi Mabohora, mna uhakika nyumba ni yenu?"

Vizazi vinne tangu wazee wetu wavuke bahari kuja hapa mtaani Langoni, naulizwa hivyo. Nilikasirika, lakini niliogopa zaidi. Tukinyimwa hati mpya, tutakwenda wapi?

Akataka jirani wa zamani athibitishe. Aliyebaki ni Bi Zuhura, na hatusemezani kwa sababu mlizamu wa dari yetu humwaga maji ukutani kwake. Nikajua nimekwisha.

Karani akambishia hodi. Bi Zuhura akatoka, hata salamu hakunipa. "Nyumba ni yao!" akafoka. "Babu yake alimmwagia mamangu mai ukutani, babake akanimwagia mimi, na huyu naye yuwanimwagia! Ni ya nani tena?"

Karani akaandika, akapiga muhuri.

Alipoondoka, kwa shukrani nilimwita fundi aje kesho kuutengeneza mlizamu. Sasa nasita. Ukiacha kuvuja, siku wakija kuuliza tena, nani atakumbuka kwamba nyumba ni yetu?