Imeili Moja ya Idi kwa Watu Wanne

Afungi, Jumapili baada ya Idi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo nakuandikia kwa kalamu, nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya jiko. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Momade imesaidia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mie mzima, ila nimechoka. Tunaamka kabla ya alfajiri kukaanga mayai ya wafanyakazi wa mradi wa gesi. Tukimaliza mayai, vitunguu vinatungoja. Mikono yangu hata niioshe kwa limau, inanuka kitunguu tu.

Mama, Momade amenipigia simu toka Palma, amenieleza yote ya siku ya Idi. Alicheka sana. Nami nikacheka naye, kisha nikakata simu nikaingia stoo, nikalia katikati ya magunia ya viazi.

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya Idi, karani wa jiko alituruhusu kutumia kompyuta yake, kila mtu dakika chache, tupeleke salamu nyumbani. Nyuma yangu foleni ya wanawake na kofia zao za jikoni. Mmoja wa kijiji cha Olumbi akanipigia kelele, "Weye dada, unaandika msahafu? Na sisi tuna mama zetu!" Nikaona nikimwandikia kila mtu yake sitamaliza. Nikaandika imeili moja, nzuri, nikampelekea Momade mara nne, nikibadilisha jina tu pale juu: weye, Mjomba Bakari, Shangazi Zaituna, na mwanangu Anshia. Nilijiona mjanja. Nikasahau kabisa desturi ya ua wetu, kwamba salamu za aliye mbali zinasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kabla mkate haujakatwa.

Basi Momade akazichapisha, akaja nazo huko nyumbani Nhica, akasimama uani akasoma. "Wewe ndiye wa kwanza niliyekukumbuka Idi hii." Amesema ulijifuta macho. Kisha Mjomba naye akawa wa kwanza. Kisha Shangazi, aliyepiga kelele, "Haa! Mtoto huyu ana mioyo mingapi?" Na Mjomba, "Katupiga muhuri mmoja kama magunia ya mchele!" Wanicheke, ni haki yao. Najua wamenisamehe, maana walijibu "tumekuwia radhi" kama ipasavyo mtu akiomba radhi ya Idi, huku wameshika mbavu. Na weye Mama, uniwie radhi. Machozi yale uliyatoa kwa maneno ya kila mtu.

Lakini ya Anshia haikuwa mchezo. Momade akasoma mpaka mwisho, pale nilipoandika kama tunavyowaandikia wakubwa: "Naomba uniwie radhi kwa yote niliyokukosea." Watu wakamngoja ajibu. Mtoto wa miaka saba! Akauliza, "Yote yapi?" Momade akamsomea tena yaleyale. Mtoto akasema, "Basi sijamsamehe." Na weye Mama ukamfinya paja mpaka akajibu.

Mama, kwa heshima zote, usimfinye tena kwa ajili yangu. Radhi ya kufinywa siitaki. Mtoto ameuliza sawa, na mie na weye tunajua yapi. Asubuhi ile ya kuondoka nilijitwika ndoo, nikamwambia naenda kisimani, narudi sasa hivi. Tulikubaliana hivyo ili asilie. Nikafika barabarani, nikamkabidhi ndoo mke wa Momade, nikapanda gari. Anshia akaiona ndoo inarudi na maji, juu ya kichwa cha mtu mwingine. Umeniambia mwenyewe kwamba mpaka leo hakubali mtu aende kisimani bila yeye. Na mie nikampelekea "yote niliyokukosea", maneno yaleyale ya Mjomba!

Kazi siachi. Lakini usimwambie kwamba nakuja wiki hii. Sitaki adanganywe tena, hata kwa kumbembeleza. Feria yangu, likizo yetu ya hapa, bado mwezi mzima, ndipo shefe, mkubwa wa jiko, atanipa ruhusa nije. Mwambie hivyohivyo. Akilia, mwache alie, umshike tu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo niliyoikunja mara nne. Ni ya Anshia peke yake, isisomwe uani. Nimeandika herufi kubwa kama za ubaoni, ajaribu mwenyewe. Nimemwambia: "Anshia, nilikudanganya. Sikuwa naenda kisimani. Nilikuwa nakwenda kazini, na nilijua sirudi. Uniwie radhi kwa hilo." Basi. Sikuongeza kitu.

Nisalimie Mjomba Bakari na Shangazi Zaituna. Mke wa Momade mwambie asijilaumu kwa ile ndoo, mie ndiye niliyemtwika.

Anshia akitaka kujibu, Momade anipigie aniambie jibu lake kama lilivyo. Likiwa hapana, aniambie hapana.

Mie mwanao, mama yake Anshia,
Muaziza