Kwa Mtani Wangu, Aliyeninyang'anya Magunia

Mtani wangu Athumani,

Mimi ni mzima. Hali yako siulizi, maana nilikuwa mmoja wa waliokushusha, na nilihakikisha mwenyewe kwamba umelala vizuri. Kaburi lako nilichimba mimi. Vijana watasema wao ndio waliochimba. Waongo. Jembe la kwanza lilikuwa langu, na kutoka hapa mpaka Kilosa mjini hakuna mzee wa umri wangu anayeweza kuupasua udongo ule mweusi kwa pigo moja. Wao walimalizia tu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Binti yangu Zaina alisema, "Baba, wewe sema tu, mimi nitaandika kwenye simu." Nikamkatalia. Kwani mimi sikusoma? Nilisoma elimu ya watu wazima, tayari nina ndevu, na nilikuwa wa kwanza darasani. Wewe ulikuwa wa pili kutoka mwisho, na yule wa mwisho alikuwa haji.

Naandika kwa sababu kuna neno sikukwambia ungali hai. Ukoo wako na ukoo wangu ni watani tangu mababu, na mtu hamshukuru mtani wake. Ukimshukuru umeshindwa, atakutembeza nalo soko zima. Kwa hiyo nilikaa nalo. Sasa linanisumbua kama mwiba wa samaki, nimeze haliendi, niteme halitoki.

Mambo yenyewe unayajua, lakini nayaandika yote, ili Zaina akiikuta karatasi hii siku moja asiseme baba yake alikuwa mzee mwehu anayelala njiani mbele ya majeneza.

Wakati tulipokuwa wote ndani ya Umoja wa vijiji vya bonde, ghala lilikuwa moja, mizani moja, gulio moja kila Jumatano. Ghala lilikuwa kwenu. Mizani kwenu. Gulio kwenu. Sisi wa Ng'ambo tulikuwa na mto tu, nao masika ukijaa ulitukata tukabaki kama kuku kwenye kichuguu. Michango tulitoa sawa na ninyi. Choo cha shule yetu kilibomoka, tukasubiri, na ninyi mkapaka ghala rangi. Sema kweli, mtani, hasira ile haikutoka hewani.

Ndipo akaja yule kijana wetu aliyesoma Morogoro, na kipaza sauti chake. "Wazee wangu, mpaka lini tuamuliwe na watu wa upande ule wa mto? Tukijitoa, wanunuzi watatufuata wenyewe mpaka mlangoni!" Watu wakapiga vigelegele. Ikaitishwa mikono, na wangu ulikuwa mrefu kuliko yote. Wengine siku hizi wanasema walikuwa msalani wakati ule. Mimi nilikuwepo, nilinyoosha, na mkono wangu siuombei radhi kwa mtu.

Wewe ulisimama darajani siku ile tukiwa tunarudi na ngoma zetu, ukatupigia kelele: "Watumwa wangu! Mnatoka kwenye nyumba inayovuja, mnakwenda kulala mvuani!" Nikakujibu kwamba nyumba yenu inanuka. Jibu zuri. Watu walicheka sana.

Wanunuzi wakaja kweli mpaka mlangoni. Walikuja na lumbesi. Gunia la mahindi linajazwa, linashindiliwa kwa magoti, halafu linavishwa kilemba juu, na kilemba peke yake kinatosha kulisha nyumba. Bei ni ya gunia moja. Ukikataa, dereva anawasha Fuso lake. Utafanya nini? Mahindi hayana miguu. Kwenye Umoja kulikuwa na mizani, na mizani haivai kilemba.

Tukasema basi, tutapeleka gulioni kwenu kama zamani. Tukakuta mti umelazwa darajani na mlinzi kakaa kwenye kiti. Mtu wa nje ya Umoja alipe ushuru kwanza, na mzigo wake upimwe wa mwisho, wenyewe wakishamaliza. Nyanya za wanawake wetu zikaozea juani palepale, zikitazama soko.

Tena sikujua vitu vingapi vilikuwa vinapita kwenye ule Umoja. Wafugaji walikuwa wananywesha ng'ombe upande wetu kwa makubaliano ya vijiji vyote, nao walituletea maziwa na samadi. Makubaliano yalipokufa wakahamia kwenu. Tukaanza kunywa chai ya rangi, na mashamba yakakonda. Mashine ya kukoboa ikaharibika, fundi wa Umoja akasema sisi si watu wake tena. Wanawake wakarudi kwenye kinu. Uji wa shule ukakoma, kwa sababu mahindi yake yalikuwa yanatoka ghalani. Vijana wakaondoka mmoja mmoja kwenda Mikumi, kuuza vitunguu kwa abiria wa mabasi barabara kuu. Mwanangu Hamisi akaenda nao. Hata yule wa kipaza sauti yuko Mikumi, ana nyumba ya wageni yenye feni. Tulikutana. Akasema, "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, maana shikamoo hainyimwi jibu, ila niliitikia polepole mpaka akajikuna.

Basi msimu ule wa kwanza nikaja darajani na ufuta wangu kwenye baiskeli. Ufuta safi, unajua ufuta wangu, hakuna mwingine bonde zima. Mlinzi akasema lipa. Nikasema silipi. Akasema rudi. Nikasema sirudi. Tukakaa pale, yeye kwenye kiti, mimi kwenye jiwe, mpaka kivuli kikahama.

Ukaja wewe na kofia yako ya upande. Hata salamu hukutoa. Ukashika gunia langu la kwanza ukaliburuta chini ya ule mti, ukisema kwa sauti ya kuamsha mji: "Huyu ni mtumwa wangu! Mali ya mtumwa ni yangu! Nimemnyang'anya, nani ana neno?"

Nilitaka kukupiga. Kisha nikaona jicho lako, unanikonyeza. Nikaanza kulia kwa sauti kama mjane, "Jamani, mtani ananiibia! Nimekwisha!" Watu wakajaa. Mlinzi akawa hajui afanye nini. Mtani akichukua kuku wako, au mbuzi wako, hakuna wizi wala kesi. Hayo ni ya wazee, hata mahakama yanayajua. Na gunia lilipokuwa limeshanyang'anywa lilikuwa lako wewe, mwanachama wa Umoja. Likapimwa kwenye mizani, kwa jina lako, kwa bei ya ghala.

Jioni ukavuka ukaniletea fedha zote. Ukazitupa ukumbini kwangu ukasema, "Chukua, mtumwa, ununue sabuni." Nikakwambia hata asante sikupi. Ukasema, "Ukithubutu kunipa, nakwenda kuitangaza." Ukala ugali wangu wote ukaondoka.

Kuanzia hapo kila mtu wa Ng'ambo akataka kuwa wa ukoo wangu. Watu ambao bibi zao walitoka Mamboya, mbali na ukoo wetu, wakaja kudai ni wajomba zangu. Na wewe uliwanyang'anya wote. Kila Jumatano ulikuwa darajani unatukana na kuburuta magunia, na mgongo wako ule mbovu. Kamati ya Umoja ikakuita, ikasema unavunja kanuni. Ukawajibu: "Utani haukuwekwa na kamati, hauvunjwi na kamati." Hilo neno nimesikia watu wanasema ni langu. Linafanana na langu, lakini ni lako. Leo nakurudishia.

Nyumba nyingi za Ng'ambo zilikula kwa sababu ya mgongo wako. Wewe mwenyewe hukuwa na kitu, paa lako nalijua lilivyo.

Kisha mwaka huu ukafa, tena wakati mbaya. Ufuta ulikuwa umeshakauka, uko ndani ya nyumba zetu kwenye magunia, na bwana mmoja wa lumbesi alikuwa ameshaegesha Fuso lake kwenye uwanja wa shule yetu, anatafuna mua anasubiri. Alijua. Mtu wa kutunyang'anya hayupo tena.

Nilivuka kuja kukuzika. Kazi ya mtani niliifanya yote. Nilivaa kanzu yako nje ndani, nikatembea kama wewe, kile kimwendo chako cha bata, mpaka mkeo Bi Mwajuma akacheka huku analia. Lakini jeneza lilipotoka mlangoni nikaenda nikalala chali katikati ya njia.

Watu wamezoea, wakajua mtani anataka chake. Wakaanza kurusha sarafu. Nikazirudisha. Wakaongeza. Nikasema, "Sitaki sarafu zenu. Nataka nijue Jumatano nani atakuja kuninyang'anya."

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa mbele, kashika mguu wa jeneza. Shehe akasema, "Mzee Ramadhani, maiti hacheleweshwi." Nikasema, "Ndiyo, shehe, waambie wasimcheleweshe." Mwenyekiti akasema kuna kanuni, kuna kikao, jambo hili si la hapa. Nikafumba macho. Jua lilikuwa kali, na siafu mmoja alikuwa ameingia kwenye kanzu yako, lakini sikutikisika. Mtu mwingine wa umri wangu angeshainuka.

Ndipo Bi Mwajuma akasema kutoka kwa wanawake: "Jibuni basi! Mume wangu amechoka kubebwa."

Mwenyekiti akahema. Akasema, "Haya. Jumatano magunia yenu nitayanyang'anya mimi, mpaka kikao kikae."

Mtu akapiga kelele nyuma, "Wewe si mtani wake!"

Akasema, "Leo ni mtani wake. Mzee, inuka, nakuomba."

Nikainuka. Nikashika jeneza kwa mbele, nikakupeleka mbio.

Akatimiza, si mtu mbaya. Jumatano alikuja darajani na shati lake la mikono mirefu akaburuta gunia langu, hajui hata kutukana, anasema "samahani." Lile Fuso liliondoka na mua wake.

Kikao kikakaa. Wakasema tunaweza kurudi. Michango kama wengine, mti darajani utolewe, lakini kwenye kamati hatutapata kiti mpaka waone tumetulia. Zamani tulikuwa na viti viwili na tulilalamika ni vichache. Watu wangu wakageuka kunitazama. Mtani, mimi nilisema wazi kwamba hayo ni matusi. Nikasema mara ya pili, kwa sauti zaidi, ili waandike. Halafu nikanyoosha mkono kukubali, wengine wakafuata.

Usidhani kila kitu kimepona. Fundi amekuja, mashine inakoboa. Uji wa shule umerudi, mwepesi, unaona sahani chini. Wafugaji bado hawajavuka, wamezoea kwenu, na chai bado ya rangi. Hamisi alipiga simu, akasema atakuja aone kwanza. Aone nini? Nikamwambia aje aone ufuta wa baba yake. Akauliza bei ya ghala sasa ni ngapi. Mtu anayeuliza bei hajafunga moyo.

Sasa lile neno. Asante, Athumani. Asante kwa mgongo wako. Asante kwa kututukana badala ya kutuhurumia, maana huruma yako nisingeipokea, unanijua, ningeiacha ioze darajani na nyanya. Ulijua uingie kwangu kwa mlango gani. Haya, umeshinda. Lakini umeshinda ukiwa umekufa, na mimi nahesabu huo ushindi nusu.

Arubaini yako tutakuja Ng'ambo nzima na mchele wetu, tuliokoboa wenyewe. Na ahadi yangu ni hii. Mwanao Salehe ni mpole mno. Nilimwita mtumwa msibani akaniambia "ndiyo, baba." Aibu gani hiyo! Baada ya arubaini nitaingia zizini kwake mchana kweupe, nichukue beberu wake mweusi, nimvushe darajani watu wote wakiona. Atachukia. Atakuja kwangu na hasira kutafuta cha kuchukua naye, na mimi mlango nitauacha wazi, na Zaina nimeshamwambia asimzuie chochote atakachoshika.

Lala sasa, mtumwa wangu. Mimi sina haraka ya kuja.

Mtani wako,
Ramadhani wa Ng'ambo