Mume Wangu Ananikataza Kuvuta Kamba ya Msaada

Shangazi Leona, nakuita shangazi ingawa huenda nakuzidi umri, nina miaka sabini na minane na uvumilivu umeniishia, naomba unisikilize, na majina yetu uyabadilishe maana hapa watu wote husoma gazeti lako kabla kahawa haijapoa.

Mimi na mume wangu Merle tulihamia kwenye kijiji hiki cha wazee, hapa Pennsylvania, tukiwa bado na nguvu, tukapewa nyumba ndogo ya wanaojiweza, na tangu mwanzo tulielezwa kwamba mmoja wetu akianza kushindwa atahamia jengo la wanaosaidiwa, hapahapa ndani, mwendo wa kutembea tu, na Merle mwenyewe ndiye aliyeusifia mpango huo mbele ya watoto, akasema hatutakuwa mzigo kwa mtu. Sasa mikono inamtetemeka, miguu haimtii, anaanguka, na kila akianguka ananikataza kuvuta kamba ya msaada iliyo ukutani, ile inayomwita muuguzi, maana anajua wakimwona hivyo watamhamisha. "Ukiivuta, Ardith, umenizika," ananiambia. Alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto, aliwabeba watu wazima mgongoni akawashusha ngazi, na yeye hataki kubebwa. Basi nambeba mimi. Namfunga vifungo vya shati, namnyoa ndevu, muuguzi akipita nasema Merle amelala, na Merle huko chumbani anajibana asikohoe.

Jumapili alianguka bafuni, kati ya choo na beseni la kuogea. Nikamvuta kwa shuka, bega langu likaalika. Nikasema naivuta kamba. "Mwite Delbert," akasema. Delbert ni jirani yetu, ana miaka themanini na sita na moyo uliokwisha pasuliwa! Akaja na kandambili zake, akamshika Merle kwapani, akahesabu moja, mbili, na ile tatu ikamkuta sakafuni, juu ya Merle.

"Delbert, unaniponda!"

"Nani alikutuma uanguke? Ardith, vuta kamba hiyo, la sivyo naivuta kwa meno."

"Hapa ni kwangu, Delbert. Hakuna anayevuta kitu."

Nikacheka, Shangazi, nikacheka mpaka nikalia. Mwishowe nilileta kiti cha jikoni, wakakishikilia na kujikokota mmoja mmoja mpaka wakasimama. Sasa Delbert anachechemea, amemdanganya mkewe Fern kwamba alijikwaa kwenye zulia, na Fern ananiuliza, "Zulia gani, Ardith? Sisi hatuna zulia." Merle anataka nimwambie lilikuwa zulia letu. Na sisi pia hatuna. Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nataka Merle aende kwenye jengo lile. Nataka kulala bila kutega sikio nisikie kishindo. Mimi ni mke wa namna gani?

Ardith


Mama Ardith,

Wewe ni mke aliyechoka na mwenye bega bovu, na katika barua yako yote hujasema umemwona daktari. Nimeirudia nikitafuta mahali uliposema, sikupaona. Kwa hiyo ugomvi wangu wa kwanza ni na wewe, si na Merle.

Pole sana, tena pole ya kweli. Lakini hebu tazama mnachofanya. Mlihamia hapo ili msaada uwe karibu, na sasa mnaukimbia msaada huohuo na kumwita mgonjwa wa moyo aje kunyanyua mtu mzima! Delbert angekata roho kwenye sakafu yako ungemwambia nini Fern? Zulia?

Merle anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Hana haki ya kukuvunja mgongo ili aendelee kujiona shujaa. Mwulize hivi: wale aliowabeba kwenye ngazi, kuna hata mmoja aliyemdharau kwa sababu alibebwa?

Na kutaka aende si dhambi. Unataka apate watu wenye nguvu na wewe upate usingizi. Acha kujitesa.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa Fern umwambie ukweli, akasirike mpaka amalize. Kisha kaa mbele ya Merle, umweleze kwamba kesho unazungumza na muuguzi, na kwamba hukumwomba ruhusa, unamwarifu. Bega lionwe na daktari kesho hiyohiyo. Akianguka kabla ya hapo, vuta kamba. Akipiga kelele, ivute tena.

Leona


Nyongeza: Ardith alinipigia simu kabla hatujachapa, akaniruhusu niwaeleze. Fern alifoka, halafu akamletea supu. Merle alimnunia siku nzima, akageukia dirisha. Alipofungua kinywa hakutaja kamba wala muuguzi.

"Utakuja kuniona?"

"Ni kuvuka bustani tu, Merle. Nitakuja."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

"Hakuna kitu," Ardith akamjibu. "Ndiyo raha yake."

Anasema Merle alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kisha akamwomba amsaidie kukunja mashati yake ayatie sandukuni.