Maswali ya Ijumaa

Vikokotoni, 4 Machi 2007

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi na Azzan hatujambo, na mimba imetulia. Nakuandikia kwa kuwa jambo zito hutaki kuambiwa kwa simu.

Ile shahada ya udaktari wa elimu nimeianza. Chuo kiko ng'ambo, mimi niko hapa hapa, nasoma kwa kompyuta. Njia ni mbili. Ya kwanza, kila Jumatano saa tisa mwalimu na wanafunzi wote tunakutana kwenye skrini kwa wakati mmoja. Ya pili, kila mtu anasoma kwa nafasi yake, anaandika, anapeleka. Nimechagua ya kwanza. Unanijua, nikiachiwa nafasi nalala.

Sasa Juni nitajifungua, na Juni hiyo hiyo nitaulizwa maswali ya mpango wa utafiti wangu. Nikikosa, natolewa. Huko kwako intaneti ni ya mahoteli ya watalii tu, na mzazi hatoki nje. Niwie radhi, Mama, arobaini ya uzazi nitakaa kwa mkwe wangu.

Mwanao, Yusra

Jambiani, 11 Machi 2007

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Goti linanisumbua kwenye ngazi, na hapa hatuna ngazi, alhamdulillahi.

Arobaini kwa mkweo? Mimba ya kwanza? Bi Asila ni mtu mwema, lakini mikono yake ni ya kutia hina, si ya kukanda mzazi. Utakuja kwangu, nimeshasema.

Lakini kusoma usiache, nisikusikie! Tulipokuwa tukifukia makumbi ya nazi pwani ili tusokote kamba, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, Bwana Makungu, alituuliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi, ndipo akapanga darasa. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni. Mtu mmoja na ubao wake aliyafuata maji. Hao madaktari wako watashindwa kumfuata mzazi? Umewauliza? Hujawauliza. Unaona haya. Kuuliza si ujinga.

Mamako, Time

Vikokotoni, 2 Agosti 2007

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama kutoka kwako, mjukuu wako kalala njia nzima.

Nimefaulu! Azzan alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Wale walimu wamesema hawakuwahi kuombwa kumhamishia mtu njia ya pili kwa ajili ya arobaini, ila maswali ya maandishi, yale aliyoniletea Azzan kila Ijumaa, yamewapa majibu marefu kuliko ya skrini. Swali la tano wamelisifu sana, lile la kwa nini watu wazima huacha masomo. Jibu lilikuwa lako, ulilisema huku unanikanda: "Hawachoki kusoma, wanachoka kupangiwa saa." Nimeliandika na jina lako chini yake.

Mwanao, Yusra

Jambiani, 9 Agosti 2007

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Barua yako nimemsomea jirani yangu Mwanamkasi, kisha nikamsomea tena ingawa hakuniomba.

Kuna jambo sikukwambia. Nilipokuzaa wewe, kisomo nilikiacha. Bwana Makungu alijua kufuata maji, uzazi hakuujua, na arobaini ilipokwisha wenzangu walishafika mbali, nikaona haya kurudi. Ijumaa ile ya kwanza Azzan alipoingia na bahasha ya maswali yako, nilikwambia nakwenda kutazama maji ya moto. Nilikwenda kulia. Kisha nikanawa uso, nikaja kukukanda.

Mbusu mtoto.

Mamako, Time