Kiti Alichokikalia Mama

Dada Rehema mpenzi,

Sijamwambia mtu mwingine: sitaki kusomea uuguzi, nataka kuwa msanifu majengo. Leo mvua ya Buffalo imetuingiza mimi na Mama kwenye maonyesho ya msanifu mmoja wa Kiitaliano. Alianza kwa kubuni vijiko na taa, akaja kwenye viti, majengo akayapata mvi zimeshaota! Mama akacheka, “Kiti chenyewe chembamba hivi, si kitamwangusha mgeni?” Mlinzi akamwonyesha kimoja kinachoruhusiwa kukaliwa. Mama akakaa, akavua viatu, akafumba macho. “Huyu bwana aliyekibuni, mama yake alifanya kazi ya kusimama kutwa.”

Nilitaka kumwambia palepale, nikaishia kumshikia viatu. Nitamwambia mwenyewe. Wabusu watoto, na kadi hii usiibandike kwenye friji. Jumapili Mama anakuja kwenu.

Mdogo wako, Salma