Masanduku Juu ya Kitanda cha Mzazi

Etobicoke, Toronto
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu mpendwa Gosbert,

Kwanza nijulishe hali yako, ya mkeo na ya Mama. Je, goti lake limepata nafuu? Kahawa imeanza kuiva? Mimi ni mzima, na mwanangu Koku na kichanga chake wanaendelea vizuri. Simu nilikwisha kukupigia, lakini uliisikia nusu kwa sababu ya kelele zako za "haloo, haloo". Jambo hili linastahili kuandikwa kwa utaratibu, nawe ulisome mara mbili.

Unajua nilikuja huku kwa ajili ya uzazi wa Koku. Angalikuwa hai marehemu shemeji yako, kazi hii ingalikuwa yake. Sasa mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye ninayepika uji na kukunja nepi katika ghorofa ya kumi na nne. Sioni aibu.

Chumba cha mzazi ni kidogo. Upande wa kichwani mwa kitanda kuna kabati refu la nguo, na juu yake palikuwa na masanduku matatu, moja juu ya jingine, karibu kugusa dari. Kila nyumba ya watu wetu niliyoingia huku ina masanduku ya namna hiyo. Ni mizigo ya kupeleka nyumbani, na huongezwa kitu kila wiki hadi siku ya safari. Hayo matatu yalikuwa yangu: sufuria nzito, pasi, vitabu, na viatu vya wanao. Siku moja nilikuwa nambembeleza mtoto, nikainua macho, nikayaona yamekaa sawasawa juu ya utosi wake. Gosbert, nilimwondoa pale hapo hapo. Kwa miaka thelathini niliwafundisha watoto wa watu kwamba mara nyingi kinachoua wakati wa tetemeko ni kile ambacho binadamu mwenyewe amekiweka juu ya kichwa chake.

Jioni nikatoa agizo: masanduku yashuke, na kabati lifungwe ukutani. Mkwe wangu Wafula, Mkenya wa Bungoma asiyeweza kumaliza sentensi bila mzaha, akacheka.

"Mzee, hii Kanada kitu hutetemeka ni mtu akingoja basi Januari!"

"Na tutayaweka wapi, Baba?" Koku akauliza. "Nyumba yenyewe ndiyo hii."

Nikachukua karatasi, nikawachorea. Gamba la dunia limegawanyika mapande, na matetemeko mengi hutokea pale yanapokutana au yanapoachana. Bukoba iko karibu na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ndiyo maana vikombe vya Mama hulia kabatini. Toronto iko mbali na kingo hizo; hilo nilikiri. Lakini mashariki ya hapa, katika mabonde ya mito mikubwa, kuna nyufa za kale zilizolala chini.

"Zimelala tangu lini?" Wafula akauliza.

"Tangu kabla ya babu wa babu yako."

"Basi ziache zilale, mzee!"

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Nami sikubishana. Niliandika barua rasmi kwa msimamizi wa jengo kuomba ruhusa ya kutoboa ukuta, na ruhusa ikaja. Jirani yetu Dieudonné, Mkongomani mwenye keekee ya umeme, akanifungia kabati kwa vyuma vya pembe na skrubu ndefu. Masanduku nikayapanga sakafuni kando ya godoro langu, nikawa nalala kama mtu aliyemo stoo.

"Papa Mwalimu," Dieudonné alisema akipangusa vumbi, "mtu mzima anaogopa valizi?"

Hazikupita wiki mbili. Ilikuwa mchana, Koku ananyonyesha. Chai ikaanza kucheza kikombeni. Taa ya dari ikabembea, milango ya kabati la jikoni ikafunguka yenyewe, na jengo zima likaguna. Koku akamkumbatia mtoto, akakimbilia mlangoni. Koridoni, watu walikuwa wakiigombea lifti.

"Rudi! Chini ya meza!"

"Baba, si nyumbani tulikuwa tunakimbia nje!"

"Nyumbani nje ni hatua tatu! Hapa ni ghorofa kumi na nne, na ukifika chini utavikuta vioo vinakungoja. Ingia!"

Akaingia. Nami nikaingia, na magoti haya unayoyajua. Tulishika miguu ya meza mpaka kila kitu kikatulia. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja chumbani. Kabati lilikuwa limesimama pale pale.

Kisha mlango ukagongwa. Alikuwa Dieudonné, sanduku mkononi. Yeye hufanya kazi usiku na hulala mchana. Siku hiyo basi lilimchelewesha kurudi.

"Papa Mwalimu, nimekuta valizi iko juu ya mto. Pale kichwa yangu inalalaga." Akaliweka sanduku chini. "Keekee ninayo. Kuja unionyeshe pa kutoboa."

Tangu hapo nimepita vyumba vya ghorofa hii mlango kwa mlango, rula mkononi, nikishusha mizigo ya Wasomali, Wakongo na Watanzania. Hakuna anayenicheka.

Wafula alirudi jioni ya siku ile ya tetemeko. Alilishika kabati kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikusogea. Akakaa kitandani.

"Baba," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Kwetu jina la mtoto hutoka upande wa baba. Nimempigia mamangu simu. Amesema huyu umpe jina wewe."

Sasa wewe. Juu ya kitanda cha Mama, darini, umeweka magunia ya maharage na lile jiwe la kusagia. Yashushe leo, kabla hujaikunja barua hii. Usiniambie kwamba hayajawahi kuanguka tangu tuzaliwe. Kitanda nacho kiondoe kwenye ule ukuta wenye ufa.

Nisalimie shangazi yetu wa Kanyigo, katekista, na yule fundi jirani, ambaye namwomba akusaidie.

Mama usimsomee habari ya masanduku. Mwambie tu kwamba huku Etobicoke yuko mtu anaitwa Kemilembe, kama yeye, na akilia ghorofa nzima inajua.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Anselm