Mama, Nimepimwa Akili

Mama,

Naogopa. Nianze na hilo, maana nikizunguka utajua tu. Ulipokuwa hai ulikuwa ukisema, "Generoza, nikikuona unaulizia habari za mpunga, najua una jambo lingine." Basi leo siulizii mpunga.

Jumanne nilipimwa akili hospitali. Mimi mwanao, ninayeshona sare za watoto hapa Misunkumilo, Mpanda, niliketi kwenye kiti mbele ya meza nikaulizwa leo ni siku gani.

Ilianza shule zilipokaribia kufunguliwa. Nilikuwa nakata shati la mtoto wa Mama Mabula, Msukuma mmoja aliyehamia jirani yangu na ng'ombe wake baada ya wewe kuondoka. Nilipotaka kuunganisha nikakuta nimekata mikono miwili ya kushoto. Hilo silo, fundi yeyote hukosea. Nikaiweka kando, nikashika kipande kingine, na Mama, sikujua ni cha nini. Nilikigeuza. Nilikiweka kwenye paja nikakitazama. Kitambaa nakijua, mkato ni wangu, chaki ni yangu, lakini kazi yake katika shati imenitoka kabisa. Kisha likaja lenyewe: kola. Nikalitamka kwa sauti, halafu nikageuka kuangalia mlangoni kama kuna mtu amenisikia.

Unajua nilimkumbuka nani.

Nilikukumbuka wewe kule Kibaoni, nyumbani kwa ndugu yangu Dismas. Ulianza kwa kutia chumvi kwenye chai, tukacheka. Ukaniita Oresta, jina la dada yako aliyekufa msichana, tukacheka tena lakini kidogo. Halafu ikaja ile asubuhi ambayo hatukuwahi kuizungumza mbele yako. Ulitoka kabla jua halijachomoza, umefunga kitenge tu, ukaenda kusimama kwenye ua wa jirani na mkono wako juu ya mlango wa zizi la mbuzi. Mtoto wa nyumba ile alikuwa mgonjwa. Watu wakajaa. Dismas alinisimulia: mmoja alishika panga, mwingine anapiga kelele, "Amekuja kummalizia!" Ndugu yangu akawaambia, "Jamani, mama amesahau njia ya nyumbani." Wakamjibu, "Mchawi hasahau njia." Siku zile redio ilikuwa inataja kila mara vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yako yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya kila mama wa rika lako.

Siku ileile Dismas akakupakia kwenye lori la mpunga, amekufunika khanga kichwani, mkapita porini mpaka Mpanda. Ulipotelemka ukaniuliza kama tembo wamemaliza shamba lako. Ukakaa kwangu mpaka ulipofariki. Tukawaambia watu unaumwa miguu.

Sasa elewa kilichonipata baada ya ile kola. Nikaanza kujipima mwenyewe. Nikiamka nataja majina ya wajukuu. Nikifagia nataja matendo ya Rozari kwa mpangilio. Nikienda sokoni, kila nyumba najiuliza, hii ya nani? Na hii? Nikikosa moja, moyo unaruka, na moyo ukiruka mengine mawili yanatoroka. Usingizi ukakata. Wateja wakija nawaambia cherehani imekatika mkanda, kwa kuogopa kukata kitambaa mtu akinitazama. Mkanda ulikuwa mzima.

Kristina ndiye aliyenigundua, yule mwanangu wa kwanza uliyembeba mgongoni. Alikuja kunitembelea, akaonja mboga akasema huku anacheka, "Mama, leo umetia chumvi mara mbili." Mwiko ukanidondoka. Nililia mpaka akaogopa. Nikamwambia yote, kuanzia mikono miwili ya kushoto.

Akasema, "Hospitali kuna daktari mgeni wa magonjwa ya akili, yupo wiki hii tu. Twende."

Nikakataa. Nilijiambia hivi: nisipopimwa, bado naweza kusema nimechoka. Nikipimwa, kitu hiki kitapata jina, na jina likishatoka halirudi. Kristina hakunilazimisha. Aliosha vyombo, akaniambia tu, "Mama, kutojua nako ni kuamua." Neno hilo halikuniacha. Nikafikiri: leo bado ninaweza kuchagua. Itakuja siku watu watanichagulia, kama wale wa panga walivyotaka kukuchagulia wewe. Sikwenda kwa ujasiri, Mama. Nilikwenda kwa sababu woga wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Akaniambia, "Mama, nitakutajia maneno matatu, uyashike, nitakuuliza baadaye. Ufunguo. Ndizi. Bendera." Nikayarudia. Halafu akaniuliza mwaka. Nikasema tisini na tano. Kristina akainamisha kichwa, nikajua nimekosa. Ni tisini na sita. Akaniambia nihesabu kutoka mia nikipunguza saba saba. Nikafika themanini na sita nikasimama kama mbuzi kwenye daraja. Kila nikijibu, kalamu yake inaandika, na sikujua inaandika nini. Sijawahi kuogopa kalamu namna ile.

Akanipa karatasi nichore saa. Hapo kidogo nikapumua. Duara nalijua. Nikaligawa kama ninavyogawa sketi ya marinda: sehemu nne kwanza, kumi na mbili juu, sita chini, tatu na tisa ubavuni, halafu nikajaza katikati. Mkono ulitulia wenyewe.

Kisha akauliza, "Ukiona moshi unatoka kwenye nyumba ya jirani, utafanya nini?"

Nikamwuliza, "Jirani yupi?"

"Jirani yeyote, mama."

"Hapana, baba. Kama ni Mama Mabula, anapika, namwacha. Kama ni yule wa nyuma, anatengeneza gongo, nikienda nitamwaibisha. Moshi ukiwa mweusi na hakuna sauti ya mtu, hapo nitakimbia na ndoo."

Akacheka, Kristina naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kama jibu lake ni moja tu na mimi nimelipita pembeni.

Mwisho akasema, "Sasa yale maneno matatu."

"Ufunguo," nikasema. "Ndizi." La tatu halikuwepo. Nilihisi lilipokuwa, kama shimo la jino lililong'oka. Mwishowe nikasema sijui, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza habari zako, nami nikamweleza, hata ya zizini, na ya usingizi wangu uliokatika na kujipima kwangu. Kisha akasema, "Mama, sitakudanganya. Kipimo hiki kidogo hakiwezi kuniambia leo unaumwa nini. Unasahau kama mtu asiyelala, na hofu nayo inasahaulisha. Inaweza kuwa hiyo peke yake. Inaweza kuwa mwanzo wa ule wa mama yako. Huo nao ni ugonjwa, si uchawi. Jitahidi kulala. Uache kujipima. Nitakuja tena mvua zikikata, tutaona."

Tukatoka. Tulikuwa tunavuka reli kuelekea nyumbani, nikasimama katikati nikapiga kelele, "Bendera!" Watu wakageuka. Kristina akanikumbatia palepale, anacheka na machozi yanamtoka, na mwenye baiskeli nyuma yetu anapiga kengele tupishe.

Lakini furaha hiyo sikufika nayo nyumbani. Nililala nikifikiria ile "inaweza". Naweza kuishi na ndiyo. Naweza kuishi na hapana. Hii ya katikati inanila. Nikajiuliza, nisubiri mpaka mvua zikate ndipo niseme? Na kama wakati huo nitakuwa sijui tena la kusema?

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Tulipomaliza, watu wanataka kuinuka, nikasema, "Jamani, kaeni kidogo." Nikawaambia nimekwenda kupimwa. Nikawaambia mama yangu hakuwa anaumwa miguu. Nikasema, "Nyie ni majirani zangu. Kama ni ugonjwa ule, siku moja mnaweza kunikuta nimesimama kwenye ua wenu asubuhi. Msipige kelele. Msiniulize nimekuja kufanya nini, nitakuwa sijui. Nishikeni mkono mnirudishe."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake akampakata. Niliuona mkono wake ulivyomvuta. Nikajua nimekosea, nimejichimbia kaburi kwa mdomo wangu.

Mama Mabula ndiye aliyesema kwanza. "Sasa nyie mnanyamazia nini? Mtu amesema anaumwa. Akija kwangu atakunywa uji kwanza, ndipo nimrudishe." Akanigeukia, "Ila shati la mwanangu nalitaka liwe na mikono miwili, wa kushoto na wa kulia." Baadhi wakacheka. Baadhi hawakucheka.

Tangu siku hiyo yule aliyempakata mtoto hajapita tena mlangoni kwangu; anazunguka njia ya kisimani. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakasema watarudi. Wengine wamezidi kunisalimia, wanalitaja jina langu kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi, wakidhani wananisaidia. Shati nililimaliza. Nilishona mchana, mlango wazi.

Sijui kama niliamua vizuri, Mama. Hakuna wa kunisahihishia hesabu hii. Nimemwambia Kristina mambo mawili: akiona siwezi tena kuamua, aamue yeye, asimwachie mtu wa nje, na asinipeleke kwa mganga kutafuta aliyeniroga. Ameitikia kwa kushika mkono wangu.

Ahadi yangu kwako ni hii. Mvua zikikata nitarudi kwa yule daktari. Nitatetemeka, hilo najua. Nitakachokijua nitakijibu, nisichokijua nitasema sikijui, na jibu lake lolote nitalipokea kwa masikio yangu mwenyewe maadamu bado ni yangu. Na hakuna atakayeambiwa naumwa miguu.

Kaa salama huko uliko. Bado nakuja Jumapili kupalilia kaburi lako, na bado njia naijua. Ikitokea siku nimepita hapo nikauliza aliyelala hapa ni nani, Mama, wewe unijue.

Mwanao,
Generoza